Maisha ya Mama Emérence wa Labo, Aliyekataa Kutia Sahihi Muujiza

Kavuo Lusenge Emérence alizaliwa Manguredjipa tarehe 14 Februari 1959, siku ya mvua, akiwa binti wa tatu wa Stanislas Lusenge, mchekecha dhahabu, na mkewe Mariette. Wazee wa kule wanasema alitoka tumboni jicho moja limefumba na lingine liko wazi, na kwamba jicho hilo lilimtazama mkunga toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayeuliza: wewe umetumwa na nani? Siku ya ubatizo hakulia. Aliyakodolea maji macho. Padri akayatazama na yeye, akakuta kiluwiluwi anaogelea humo, akaagiza maji mengine. Ni lazima tuseme mapema karama yake ilikuwa nini, maana si ya kawaida katika habari za watu wa Mungu: Emérence hakuwa mwepesi wa kuamini. Wengine walisadiki kabla ya kuona. Yeye alishuku, na Mungu, ambaye hatupi chombo, akamtafutia kazi inayofaa mtu wa namna hiyo.

Baba yake alimlea kando ya mto, penye karai na mchanga, na huko akajifunza kwamba si kila kinachowaka juani ni dhahabu. Kuna jiwe la njano ambalo limefilisi watu wenye akili zao. Stanislas alikuwa akiweka punje juu ya chuma, anampa binti nyundo ndogo. "Kuangaza si kitu, mwanangu," alimwambia. "Piga. Dhahabu inalala, buongo inapasuka." Inasemekana alipofika miaka minane wachuuzi wa dhahabu walikuwa wakiuliza kwanza kama Kavuo yuko nyumbani, na wakiambiwa yuko, wawili watatu walikumbuka safari nyingine.

Mwaka 1977 aliingia unovisi kwa masista, akiwa na moyo safi na maswali mengi. Alidumu miezi kumi na mmoja. Siku moja walionyeshwa kipande cha mfupa wa shahidi wa kale ndani ya kisanduku cha kioo, na wanovisi wote wakapiga magoti. Emérence alipiga magoti pia, kisha akauliza kwa adabu yote: "Mama, nani alipima huu mufupa?" Mama mkuu hakukasirika. Alimwambia kwamba Kanisa linamhitaji sana, ila nje ya nyumba ile, akamlipia masomo ya maabara. Kuanzia 1982 hadi alipofariki, Emérence alifanya kazi katika labo ya Kituo cha Afya cha Huruma, kituo kidogo kilimani Butembo, mbele ya mikroskopi ya zamani isiyotumia umeme, yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua.

Humo aliishi kwa kanuni mbili. Ya kwanza: kila kitu kitazamwe mara mbili na usiku mmoja uwe katikati, kwa sababu, alisema, "jicho ikitaka kuona, inaona." Ya pili: kila kipimo kipakwe juu ya vioo vingi vya kutazamia, nusu viende kwa anayevihitaji, nusu vibaki kwenye kabati lake lenye kufuli. Hakumwamini mtu na vioo vyote, hata askofu angekuja kuviomba. Na mgonjwa aliyebisha hakubishiwa. Alivutiwa kiti. "Kuja uangalie wewe mwenyewe." Watu wa soko waliona plasmodi, vimelea vya malaria, kwa macho yao wenyewe, wakarudi nyumbani wakameza vidonge.

Miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020, ilikuwa majaribu yake makubwa. Mji mzima ulishuku: gari nyeupe, dawa ya kunyunyiza, wageni waliovaa kama samaki. Ilisemwa kwamba Mama Labo anauza damu ya watu ng'ambo. Asubuhi moja vijana walirushia labo mawe, na jiwe moja lilipita dirishani likatua juu ya mizani yake. Alilipima, akaandika daftarini: jiwe moja, gramu mia nane arobaini, halina vimelea. Kisha akatoka mlangoni na daftari mkononi. "Muko na haki ya kushuku," aliwaambia. "Mimi njo wa kwanza. Lakini nani kati yenu ameingia kuangalia?" Aliingia mmoja, halafu watatu. Jioni walikuwa wanagombania zamu ya kiti.

Lakini jambo ambalo waamini wa Butembo na Beni wanamkumbukia zaidi lilianza Jumatano tarehe 3 Machi 2021. Siku hiyo alifika kituoni mfanyabiashara wa kakao kutoka Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, jina lake Delphin, mjane, amembeba binti yake Ornella, miaka sita. Upande wa kulia wa taya ya mtoto ulikuwa umevimba kama papai changa. Meno yalikuwa yamelegea yenyewe, na kwa kuwa kwao jino linapolegea linahukumiwa jino, walimpeleka kwanza kwa mng'oa meno wa kijiji, akang'oa matatu. Uvimbe ukazidi. Wakaenda chumba cha maombi cha mtumishi Phinées, mwenye vyumba Kamango na Beni, na huko kukatolewa ufunuo: mtoto amelishwa sumu, na mkono ni wa karibu, mkono unaopika.

Aliyepika nyumbani kwa Delphin alikuwa Jemima, dada yake, aliyemlea Ornella tangu mama mtu alipofariki. Kuanzia siku ile alikatazwa kumgusa mtoto. Hakukubali kubaki Kamango. Aliwafuata kwa njia yake mwenyewe hadi Butembo, akalala kwenye jiko la kituo ambako ndugu wa wagonjwa hupikia. Kila asubuhi alipika uji, akala kijiko cha kwanza mbele ya watu, akaupeleka mlangoni. Kila asubuhi Delphin aliumwaga.

Daktari wa kituo, Gamaliel, kijana mwema aliyechoka, alidhani ni jipu. Akatoa antibiotiki siku tano. Alipochoma ili kutoa usaha hakupata usaha, alipata matone mekundu. Emérence alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma, anatazama.

"Jipu bila homa," alisema. "Jipu bila usaha. Na toka juzi imeongezeka vidole viwili. Docteur, mimi hii jipu sina imani nayo."

"Si ugonjwa ya hospitali," Delphin akaingilia. "Ni sumu, Mama Labo. Dada yangu njo anamupikiaka."

"Sumu ya namna gani, Papa Ornella? Unipe jina yake, niitafute."

"Sumu haina jina."

"Basi wewe unashuku kidogo sana. Umeshuku mutu mumoja, umesimama hapo. Mimi nashuku meno, nashuku antibiotique, nashuku docteur." Gamaliel alikohoa. "Na mimi mwenyewe, sijiachi."

Siku hiyo hiyo, tarehe 9 Machi, uvimbe ulichomwa kwa sindano nyembamba. Kilichotoka kilipakwa juu ya vioo sita na kutiwa rangi ile ile ya kutafutia malaria. Aliona chembe kubwa za buluu nzito kama wino wa shule, zote za kimo kimoja kama kikosi kilichovaa nguo moja, na ndani ya buluu vitundu vidogo vya mviringo, vyeupe. Kati yao zilitapakaa chembe pana, hafifu, zenye kula wafu, mithili ya nyota kwenye anga jeusi. Alizima taa ya moyo wake, kama alivyozoea kusema, akasali, akalala. Alfajiri alitazama tena. Kisha akatoa kabatini kitabu cha Kifaransa kilichoachwa na daktari mmoja Mbelgiji, ambacho mchwa walikuwa wamekula nusu ya kila picha, na nusu iliyobaki ilitosha. Limfoma ya Burkitt: kansa ya chembe nyeupe za damu, adimu sana kule juu milimani, inayopenda mabonde ya mbu wengi na taya za watoto, na ambayo hakuna uvimbe mwingine unaoishinda mbio. Kwa siku mbili inaweza kuwa maradufu. Kwa bahati, yaendayo mbio hivyo hufa mbio vilevile yakipata dawa yake.

Lakini nusu ya picha si ushahidi. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kulikuwa na mtaalamu wa kusoma vioo vya namna hiyo, na bila barua yake dawa zisingetolewa. Mtoto asingeweza kuchomwa tena, maana kidonda kilikuwa kimevuja damu usiku kucha. Gamaliel alikuwa na wodi nzima peke yake. Delphin hakutaka kumwacha binti yake hata dakika moja karibu na jiko lile. Ndipo Emérence alipoenda jikoni mwenyewe, akavifunga vioo kwa pamba ndani ya kopo la maziwa ya unga, akampa Jemima.

Delphin aliona, akaja mbio. "Ule njo atabeba? Mulozi abebe maisha ya mutoto wangu mu mukono?"

"Kati yenu wawili, ni yeye anatafuta jibu," Emérence alisema. "Wewe uko na jibu tayari."

Gamaliel alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini amebakiza vioo vingapi.

"Hakuna."

"Mama Labo, wewe? Hata kimoja?"

"Mutaalamu anahitaji vyote sita." Kisha akamgeukia Jemima, aliyekuwa amelikumbatia kopo kama mtoto mchanga. "Tantine, usiviweke ku jua. Na ukifika mupaka, askari akitaka kufungua, afungue. Asiguse katikati."

Mwaka ule mpaka ulikuwa na masharti mengi ya korona, na barabara ya kwenda Kasindi, penye mpaka huo, haikuwa ya kuchezea. Jemima alikaa siku tano. Huku nyuma uvimbe ulifika jichoni, na Emérence, ambaye kwa miaka thelathini na tisa hakuwahi kutembea mikono mitupu, alionekana akienda mlangoni na kurudi. Jumatatu jioni Jemima alifika, vumbi mpaka kwenye kope, na kopo, na vioo sita vizima, na barua yenye maneno mawili ya Kiingereza yaliyopigiwa mstari, Burkitt lymphoma, na agizo la dawa. Delphin aliisoma barua mara tatu, kisha akaikunja.

"Barua imeletwa na yeye mwenyewe. Ng'ambo kule banauzishaka kila kitu."

Hata hivyo hakumwondoa mtoto kitandani. Dawa zilifika Ijumaa. Siku mbili nzima mtoto alitiwa maji mwilini kwa serum kabla ya sindano yoyote, kwa sababu uvimbe huu ukifa wote kwa mara moja, mizoga yake inaziba figo na mtoto anakufa siku ya ushindi. Emérence aliweka ndoo chini ya kitanda, akapima mkojo kila saa, akapima damu asubuhi na jioni. Jumatatu tarehe 22 Machi zilianza siklofosfamidi na vinkristini, dawa za kansa, sindano ya kwanza kati ya sita. Siku ya tatu Gamaliel alitia dawa nyingine katika uti wa mgongo, na yale maji machache aliyotoa kwanza aliyapeleka labo. Kufika Ijumaa taya ilikuwa imerudi. Papai lilikwisha. Ornella alijipapasa shavu, akauliza kama uji upo.

Habari zilifika kwa Phinées kabla ya jua kuzama. Jumamosi alituma karatasi iliyopigwa chapa: sisi tuliotia sahihi tunashuhudia kwamba mtoto Ornella ameponywa kabisa kwa maombi. Nafasi ya sahihi ya labo iliachwa tupu. Emérence aliisoma, akairudisha. "Muambie Mutumishi, mimi muujiza yenye kuwa na haraka, naishuku. Mungu anaweza kungoja sindano tano zenye zimebaki."

Delphin alisikia neno muujiza tu. Mchana ule, watu wakiwa kwenye maziko mtaani, alimvika binti yake gauni jeupe, akampandisha moto, pikipiki ya abiria, wakaenda Beni kwa ushuhuda wa Jumapili.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Emérence hakuonekana kwenye maandamano. Alikuwa juu ya moto ya mwendeshaji mmoja aitwaye Kitsa, mikroskopi mapajani imefungwa kwa kitenge, tawi la mtende kwenye usukani, na Jemima nyuma yake amemshika kiuno. Kilomita hamsini na nne. Kitsa anaapa mpaka leo kwamba mashimo ya barabara yaliwapisha, na waliopita barabara ile watakiri kwamba hakuna ajabu kubwa kuliko hiyo katika maisha haya yote tunayoyasimulia.

Jemima alibaki nje ya chumba cha maombi. Ndani, Ornella alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu, na Phinées, kipaza sauti mkononi, alikuwa akiuliza: "Taya ilikuwa kama papai. Leo papai iko wapi?" Watu walikuwa wakijibu amina. Emérence alipita katikati, akaweka mikroskopi juu ya meza iliyo karibu na dirisha, akatia chini ya lenzi kipimo alichokuja nacho, akaanza kugeuza kile kioo kidogo cha kunasa mwanga.

"Mama, hapa si labo," Phinées alisema.

"Najua, Mutumishi. Natafuta jua tu. Butembo iko mawingu." Watu wengine walicheka. "Na swali yako ni muzuri. Nimetoka mbali juu ya ile swali. Uvimbe umeenda, hatubishane. Umeenda wapi?"

Alimvutia kiti. Phinées alikuwa na watu mia tatu wanaomtazama, na mtu aliyezoea maono hawezi kukataa kuangalia. Akainama.

"Naona buluu."

"Ngapi?"

"Tatu. Hapana, ine. Ziko na matundu."

"Hizo nilitoa mu maji ya mugongo ya huyu mutoto, siku ya tatu ya dawa. Mu taya bamekufa. Hawa bamekamata njia ya kichwa. Ukishuhudia leo, Mutumishi, unashuhudia na hawa pia."

Phinées aliinua kichwa, akalipangusa jicho lake. Katika huduma yake alikuwa ameona mengi, lakini haikuwa kawaida yake kuona kitu kilichokuwapo kweli, na tumsifu kwa alichofanya: alikiweka kipaza sauti chini. "Bandugu," alisema kwa sauti yake ya nyumbani, "ushuhuda ya leo tunaiweka pembeni kwanza. Mutoto arudi kwa dawa." Mama mmoja nyuma aliuliza kuhusu wali wa sherehe uliokwisha kuiva. "Wali tutakula," alisema.

Kisha Delphin alikaa kwenye kile kiti. Alikaa mpaka watu wakaanza kutoka. Bila kuondoa jicho aliuliza: "Na ingekuwa sumu, Mama Labo, ingefanana hivi?"

"Sumu hapana zaa, Papa Ornella. Hawa banazaa."

Alitoka nje. Jemima alikuwa kando ya barabara, amejifunika kitenge kichwani kama mtu wa matanga. Delphin alimwendea, amemshika Ornella mkono. Alisema hivi tu: "Dada, panda. Mutoto atakaa mbele yako. Umushike vizuri." Wakarudi Butembo kwa moto mbili, na Jumatatu asubuhi uji ulipofika mlangoni, Delphin aliomba sahani yake.

Ornella alimaliza sindano zote sita mwezi wa Julai. Maji ya mgongo yalitazamwa mara mbili kila mara, usiku mmoja katikati, na kuanzia sindano ya tatu hayakuwa na kitu. Nywele zilimtoka, zikarudi nyeusi kuliko mwanzo. Phinées alituma tena karatasi yake, kwa unyenyekevu safari hii. "Miaka mbili," Emérence alijibu, na hakuongeza.

Mwaka 2023, mwezi wa Juni, macho yake mwenyewe yaligeuka manjano. Alipima damu yake, akaacha usiku mmoja, akapima tena, akaandika daftarini bila kubadilisha mwandiko. Alijua mji wake. Mtu wa jina akifa Butembo, kabla sanduku halijafungwa, jirani fulani ameshatajwa, na kwa kweli ilikuwa imeanza kunong'onwa juu ya juisi fulani aliyokunywa kwenye harusi. Alimwita Gamaliel na jamaa wote, na haya ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoandikwa: "Nikikufa, mbele ya kutaja jina ya mutu, mufungue muangalie." Alilala katika Bwana tarehe 9 Agosti 2023, asubuhi, Jemima, aliyekuja kumuuguza, akimshika mkono. Gamaliel alifanya alivyoagizwa. Alikuta uvimbe wa kale ndani ya ini, na kwenye Misa, kwa ombi la familia, alilisema hilo mbele ya sanduku. Wenye umri hawakumbuki maziko mengine ya mtu mashuhuri ambapo hakuna jirani aliyehama nyumba.

Tangu hapo habari zinaongezeka. Inasemekana muuza vidonge mmoja, ambaye vidonge vyake vilikuwa chaki, alipita karibu na kaburi lake na moto yake ikazima, haikuwaka tena mpaka alipomwaga mfuko mzima mtaroni. Fundi alisema ni bougie, ile plagi ya kuwashia injini. Sisi hatuna neno juu ya bougie. Mtaro tuliuona mweupe. Kanisa halijatoa hukumu yake juu ya mtumishi huyu wa Mungu, wala hatulitangulii, na tunadhani yeye angelisihi lisiharakishe.

Ornella ana afya, yuko shule, na miaka miwili ile imeshapita. Kamati ya parokia ilipoanza kukusanya mashuhuda, ilimwita Jemima wa kwanza, aitajie muujiza. Alifikiri. "Muujiza sikuona," alisema. "Dawa niliona, na ndoo. Lakini alinipa vioo vyote sita. Hakubakiza. Banasema mu maisha yake yote alikuwa anabakizaka."

Basi, mwamini unayesoma, usianze na mikroskopi, maana huna. Siku utakaposikia jina la mtu likitajwa mtaani pamoja na neno sumu, shuku, ila usishuku kidogo: mshuku pia aliyelitaja, na wewe uliyelisikia. Kisha nenda jikoni ambako aliyetajwa amekaa peke yake, umpe kitu ambacho huwezi kukipata tena kikivunjika, umwombe akubebee.